Vumilia Si Dawa

Kuna neno moja ningependa lizuiwe getini, lisiingie tena kambini: "Vumilia, ndiyo mimba." Mama mkwe analisema. Jirani analisema. Mchungaji analisema kwa sauti ya upole. Nesi analisema huku ameshaita kadi inayofuata. Na yule dada aliyekumbatia ndoo anaitikia "ndiyo", maana nguvu za kubishana hana, anarudi nyumbani na ndoo yake.

Niseme mapema: mimi ni kijana wa kiume. Nafanya kazi na vijana, nimeishia form four, cheti cha uganga sina na mimba sijawahi kubeba. Najua nani atasema "huyu naye anaingilia mambo ya akina mama". Sawa, aseme. Lakini wasichana wa kundi letu wana miaka 18, 19, 20, na roho ikianza kuwachafuka asubuhi wanakuja kuuliza kwetu, kwenye kibanda cha vijana, kwa sababu pale hakuna anayewauliza "mume yuko wapi?" Kwa hiyo nimelazimika kusoma. Nimemsumbua pia tabibu mmoja mwenye subira, nikamuuliza maswali mpaka akaacha chai yake ipoe. Na nilichokiona ni kwamba tunawadanganya hawa dada zetu kutoka pande mbili. Upande mmoja unasema dawa yoyote ya kuzuia kutapika italemaza mtoto. Upande wa pili, ule wa kwenye meza ya vidonge sokoni, unasema kunywa tu hii, haina shida. Wote wawili wanasema kwa uhakika mkubwa, na wote wawili hawajui wanachosema.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Wajawazito wengi, hata 7 kati ya 10, wanapata kichefuchefu. Kinaanza karibu na wiki ya 6, na kwa wengi kinapungua kabla mimba haijafika nusu. Hiyo ni kawaida, na siyo lazima kila mmoja anywe kidonge. Lakini wapo wachache, hadi 3 katika kila 100, ambao hali yao ni nyingine kabisa. Hawa hawatapiki asubuhi tu. Wanatapika mchana, usiku, wanatapika maji, wanatapika nyongo, wanapungua uzito wakati mwenzao mwenye mimba ya umri uleule anaongezeka. Mkojo unakuwa wa rangi ya chai na mwisho unakata. Huo ni ugonjwa una jina lake hospitalini na una matibabu yake. Kabla ya dripu kuwa kitu cha kawaida, wanawake walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huo.

Na siyo deko. Desemba 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti unaoonyesha kwamba sababu kubwa ni homoni inayoitwa GDF15. Mtoto na kondo la nyuma wanaimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, na mama ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo ndiye anayeumia zaidi, mwili wake haujaizoea. Mmoja wa watafiti wale, Marlena Fejzo wa Marekani, alipoteza mimba yake mwaka 1999 kwa ugonjwa huohuo. Yaani mwanamke mwenye elimu yote ile, katika nchi yenye hospitali zote zile. Sasa wewe mzee wa mtaa unayesema "wasichana wa siku hizi ni walegevu, mama zetu walijifungulia shambani," hebu uniambie homoni inajuaje msichana huyu ni wa siku hizi.

Basi twende kwenye uoga wa dawa. Sitaucheka, kwa sababu una msingi. Mwaka 1957 huko Ujerumani Magharibi kampuni moja ilianza kuuza dawa ya usingizi na kutuliza, thalidomaidi, kwa jina la Contergan. Ilitangazwa kuwa salama mno, ikauzwa hata bila karatasi ya daktari, na wajawazito wakapewa kwa ajili ya kichefuchefu. Hakuna aliyekuwa ameipima sawasawa kwa mimba. Watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walizaliwa na mikono mifupi au bila mikono, wengine bila miguu, wengine na moyo au masikio yenye kasoro. Wengi walikufa wakiwa wachanga. Mwishoni mwa 1961, daktari wa Ujerumani, Widukind Lenz, na wa Australia, William McBride, kila mmoja kwa upande wake, walisema wazi kwamba tatizo ni dawa hii, ikaondolewa sokoni. Marekani iliponea kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, Frances Kelsey, aliyekuwa akikagua maombi ya dawa serikalini. Kampuni ilimsukuma, ikamwandikia, ikamlalamikia kwa wakubwa, naye akarudia jambo moja tu: leteni ushahidi. Hawakuwa nao. (Dawa hiyo bado ipo duniani, inatumika kwa baadhi ya wagonjwa wa ukoma na wa saratani ya damu, chini ya masharti makali. Ndiyo sababu moja ya kutogawana dawa na jirani.)

Kwa hiyo bibi anayesema "mwanangu, usinywe kitu ukiwa na mimba" anabeba kumbukumbu ya kweli, hata kama jina la thalidomaidi hajawahi kulisikia. Ninagombana na wale walioishia kwenye nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Huko Marekani kulikuwa na dawa nyingine, Bendectin, iliyoanza kuuzwa 1956. Ndani yake mlikuwa na vitamini B6 na doksilamini, dawa ya jamii ya zile za mzio zinazoleta usingizi. Mamilioni ya wajawazito waliitumia. Baada ya thalidomaidi watu wakawa na hofu ya kila kitu, kesi zikafunguliwa mahakamani mamia kwa mamia, na mwaka 1983 kampuni ikaacha kuitengeneza kwa sababu ya gharama za kesi. Wanasayansi walikuwa wameshaichunguza tena na tena bila kuona kwamba inalemaza watoto. Sasa ikaondoka. Kama kweli ilikuwa inalemaza, si watoto wenye ulemavu wangepungua? Hawakupungua. Kilichotokea ni kwamba wanawake wanaolazwa hospitali kwa kutapika waliongezeka. Mwaka 2013, baada ya miaka 30, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha tena mchanganyiko uleule. Miaka 30 ya ndoo! Kwa ajili ya hofu ambayo ushahidi ulikuwa umeshaijibu.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia "bora kutokunywa kitu, ndiyo salama". Siyo salama. Kutokunywa kitu nako kuna gharama, ila gharama yake inalipwa na mwanamke peke yake nyuma ya pazia, kwa hiyo hatuihesabu.

Sasa dawa zinazopatikana huku kwetu. Nitazisema kama nilivyoelezwa, na kipimo sitaandika, hicho aseme mhudumu aliyekuona na kukupima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kliniki ya wajawazito wa 2016, linataja tangawizi na vitamini B6 kwa kichefuchefu cha mwanzo wa mimba, na dawa zenye nguvu zaidi kwa mwanamke anayeteseka kweli ambaye hizo za mwanzo hazikumsaidia, akiwa chini ya daktari. Soma tena: kwa anayeteseka, dawa zipo. Mwongozo haukuandika "vumilia".

Promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, ni ya zamani, imetumiwa na wajawazito miaka mingi, shida yake kubwa ni usingizi mzito. Kwa mama mwenye mtoto mwingine mdogo na moto wa kuni, usingizi siyo jambo dogo, lakini hautoi mtoto mikono. Metoklopramidi, hii ambayo hapa inaitwa Plasil na waliotoka Kongo wanaiita Primperan, imechunguzwa sana. Denmark walifuatilia mimba zaidi ya milioni moja, na kati yake wanawake zaidi ya 28,000 walikuwa wameitumia miezi ya mwanzo. Matokeo ya 2013 hayakuonyesha ulemavu kuongezeka kwa watoto. Ondansetroni ndiyo yenye mjadala. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2018 uliona mpasuko wa mdomo au kaakaa kwa watoto 14 katika 10,000 badala ya 11. Ni watoto 3 zaidi katika 10,000. Ulaya mwaka uliofuata wakaonya isitumike miezi mitatu ya kwanza. Madaktari wengine wanasema kama nyingine zimeshindwa na mama anaisha, itumike, mama akiwa ameelezwa. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu wazima: hatari ni kiasi gani, faida ni kiasi gani, wewe mama unasemaje. Kwa nini mwanamke wa kambini asipewe mazungumzo hayo? Hesabu ya 14 na 11 ni ngumu kuliko hesabu ya mgao?

Lakini kusema dawa haimlemazi mtoto siyo kusema haina madhara kwa mama. Hapa ndipo wale wa meza ya vidonge wanaponiudhi. Dada mmoja wa kundi letu, miaka 19, alikuwa anatapika wiki ya tatu mfululizo. Kwenye kituo kimoja, sitakitaja, alipewa Panadol na lile neno. Rafiki yake akamnunulia vidonge sokoni, vimekatwa kwenye paketi, jina limebaki nusu. Akaambiwa anywe viwili viwili "mpaka ipone". Siku ya pili jioni shingo ikapinda upande, taya likakaza, macho yakaangalia juu na hayashuki. Ana akili zake zote, anasikia, anajibu kwa shida. Nyumbani wakasema mapepo. Wakampeleka kwenye maombi, wakamshika mikono na miguu, wakakemea kwa saa nyingi, na mimba yake ya miezi miwili imo tumboni. Usiku ndipo mjomba wake alipomkimbiza hospitali kwa baiskeli. Tabibu aliuliza swali moja tu, "amekunywa dawa gani?", akaona kile kipande cha paketi, akamchoma sindano, na muda si mrefu shingo ikanyooka. Metoklopramidi inajulikana kwa jambo hilo, na inawapata zaidi vijana, hasa wasichana. Ndiyo maana Ulaya waliamua mwaka 2013 isizidi siku 5 na kipimo kiwe kidogo. Maneno mawili tu yangetosha: siku chache, na shingo ikikaza acha, njoo. Hakuna aliyemwambia. Kituo kilimnyima dawa, soko likamnyima maelezo.

Sina ugomvi na maombi. Mimi mwenyewe naimba kwaya. Lakini shingo iliyopinda ipelekwe hospitali kwanza, halafu kwaya itamfuata hukohuko.

Na kuna unafiki mmoja ambao lazima niutaje. Hao hao wanaoogopa kidonge cha B6 wanamletea mjamzito vitu ambavyo hakuna aliyevipima. Anapewa maji ya mwarobaini. Anapewa umuravumba uliochemshwa mpaka ukawa mweusi. Kipimo ni "kikombe", na kikombe chenyewe kila nyumba kina ukubwa wake. Na udongo, ule wa vidonge unaouzwa kwenye vifurushi, na mimba nyingi hapa zinaulilia. Udongo wa kula umepimwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Kongo, na umekutwa na madini ya risasi, ambayo yanavuka kondo la nyuma na kugusa ubongo wa mtoto. Tena unazuia mwili kuchukua madini chuma, kwa hiyo unamaliza damu. Kama hoja yako kweli ni usalama wa mtoto, anza na udongo. Simlaumu anayeula, tamaa ile ina nguvu. Namlaumu anayeuita "wa asili" kisha anaita vitamini "sumu".

Sasa upande wa mashirika, kwa heshima, maana najua na nyie mnasoma jarida hili. Mabango yenu yana sentensi nzuri: "Usitumie dawa yoyote bila ushauri wa daktari." Nzuri sana. Huyo daktari anapatikana saa ngapi? Mjamzito anayetapika anapanga foleni tangu alfajiri, juani, karibu na jiko la mama lishe anayekaanga, na akifika dirishani anaambiwa hii ni hali ya kawaida. Msichana asiyeolewa anaambiwa njoo na mwenza au leta barua ya kiongozi wa kijiji. Atakwenda wapi? Anakwenda mezani sokoni. Bango lenu limemfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Na kile kipeperushi chenye picha, kinachosema "kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, kula biskuti kavu kabla ya kutoka kitandani." Biskuti zipi jamani? Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Tanzania ulishushwa hadi nusu. Chungu kinapikwa mara moja kwa siku, na kuni zenyewe ni vita. Mtu anayeandika "mara sita" hajawahi kuona moshi wa nyumba yetu moja Nyarugusu. Ushauri wenyewe siyo mbaya, ila uandikwe kwa vitu tulivyo navyo: muhogo wa kuchoma uliopoa, kipande cha ugali wa jana, uji mwepesi uliopoa kwa sababu wa moto una harufu, chumvi kidogo, tangawizi iliyosagwa kwenye maji. Kunywa vijiko, usinywe kikombe kizima. Vidonge vya madini chuma vikikuchafua, usivifukie chini ya mgomba kama wengi wanavyofanya. Mwambie nesi, muda wa kuvinywa unaweza kubadilishwa, mfano usiku na chakula.

Kuna jingine ambalo wahudumu wanalijua lakini halisemwi kwa sauti. Sisi tuko Kigoma, malaria iko hapa. Kutapika kwa mjamzito kukiambatana na homa, kichwa au baridi ni kupima malaria siku hiyohiyo, siyo kungoja. Mwenye ARV anayetapika dawa zake anahitaji msaada wa kuzibakiza tumboni, la sivyo ni mama na mtoto wote walio hatarini. Kwake dawa ya kuzuia kutapika ni sehemu ya matibabu ya virusi. Na aliyeshinda wiki kadhaa bila chakula kukaa tumboni, akiwekewa dripu ya sukari bila kupewa vitamini B1 kwanza, anaweza kuumia ubongo. Hilo la mwisho nimeliandika kwa ajili ya wahudumu wapya, siyo kwa ajili ya soko.

Vijana wenzangu wa kiume, msijifiche nyuma ya mashirika. Mke wako akitapika kutwa nzima wewe uko kwenye karata, unasema "shemeji zangu watamwangalia". Kazi yako siyo ngumu. Chota maji. Pika nje, mbali na mlango, maana moshi na harufu ya mafuta vinamuua. Mhesabie: amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, amekunywa nini kikakaa. Kama siku nzima hakuna kilichokaa, kama hajakojoa kwa saa 8, kama akisimama anaanguka, kama ametapika damu, mbebe. Na mkifika usikubali neno "kawaida" kabla hajapimwa uzito na mkojo. Useme kwa adabu, lakini useme: "Naomba apimwe mkojo." Kile kijiti kinaonyesha ketoni kwa dakika moja.

Mama zetu na mama wakwe, shikamooni. Najua mmezaa watoto wengi kuliko miaka ya kazi yangu. Wengine mlitapika njiani mkikimbia kutoka Fizi na Uvira, mkavuka ziwa hivyohivyo, na mlivumilia kwa sababu hapakuwa na kitu kingine. Hapo ndipo naomba mnielewe. Mlivumilia kwa kukosa. Binti aliyeko mita mia tano kutoka zahanati hajakosa, amezuiwa.

Kundi letu limeandika ombi la ukurasa mmoja kwa kamati ya afya. Tunaomba vitamini B6 isikosekane dirishani, vijiti vya kupimia mkojo viwepo kwenye kila zahanati, mjamzito anayetapika asipange foleni ya jua, msichana aje peke yake bila barua ya mtu, na kila dawa itolewe na maelezo yake kwa Kiswahili na Kirundi, ikiwemo ya kusema ni siku ngapi na dalili gani za kurudi nazo. Saini tunazo 64, na 19 kati ya hizo ni za wanaume. Nakala ya Kirundi bado haijakamilika; anayekiandika vizuri aje kwenye kibanda cha vijana Jumanne, baada ya saa 9 mchana, aje na kalamu maana zetu zimeisha wino.